Kozi ya Kuumwa Ipasavyo

Nchi ya Shwari haimo kwenye ramani nyingi, na wenyeji wake husema kosa ni la wachora ramani. Ni nchi tulivu mno. Mvua ikinyesha humo siku ambayo serikali imetangaza ukavu, gazeti la asubuhi huandika kwamba lilikuwa jua la majimaji, na watu hukunja miavuli yao kwa adabu. Humo ndimo alimoishi Daktari Stara Mlenge, mpasuaji na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Tiba, mwanamke mpole aliyekuwa na dosari moja tu iliyojulikana: alifanya utafiti, akapata majibu.

Utafiti wenyewe haukuwa na nia mbaya. Chuoni pale wanafunzi wa udaktari walitahiniwa kwa wagonjwa wa kuigiza, yaani watu wazima wenye afya njema walioajiriwa kulala kitandani na kusema wanaumwa. Utaratibu huo ulikuwa na busara yake. Mwanafunzi akikosea, hafi mtu.

Nyota wa wagonjwa hao alikuwa Mzee Kapilima. Zamani aliigiza michezo ya redio, mpaka redio ya taifa ilipoamua kwamba hotuba za viongozi zinatosha kuchekesha. Alipokosa kazi, chuo kikamchukua. Aliweza kuugua pumu asubuhi, moyo mchana, na jioni akaenda kucheza bao. Lakini kazi yake bora kabisa ilikuwa kidole tumbo. Alikunja goti la kulia, akatoa jasho la kweli, na mwanafunzi akimbonyeza tumbo upande wa chini kulia kisha akaachia ghafla, alitoa "aah!" moja tamu iliyosikika hadi jikoni. Wanafunzi walimpenda kwa sababu alieleza kila kitu kwa mpangilio: maumivu yalianza kitovuni, yakahamia kulia, nikatapika, ikaja homa. Neno kwa neno kama kitabuni, kwa kuwa ndivyo alivyokaririshwa.

Daktari Stara aligundua kwamba wanafunzi hao hao waliong'ara kwa Mzee Kapilima walipotea kabisa wakiingia wodini. Mgonjwa wa kweli akiulizwa anaumwa nini, huanza na safari ya kwenda kumwona shemeji yake, akapita kwenye bei ya mkaa, na ugonjwa wenyewe akautaja kwa bahati mbaya akiwa anatafuta kandambili zake chini ya kitanda. Kufikia hapo mwanafunzi ameshamkatiza na kuandika dawa ya minyoo.

Basi yeye na wenzake wakawafuatilia wanafunzi mwaka mzima. Waliwakalisha baadhi yao kando ya vitanda vya wagonjwa halisi, wakawaamuru wanyamaze mpaka mtu amalize kusema. Hao walionyamazishwa wakawa madaktari wazuri kuliko wenzao. Ripoti ikaandikwa, ikapendekeza jambo dogo tu: wanafunzi wakae zaidi na wagonjwa halisi, wafundishwe kusikiliza.

Ripoti ikapelekwa wizarani. Sasa, wizara ya nchi ya Shwari inaheshimu sana muda wa waziri. Ofisa mmoja aliifupisha ripoti, mwenzake akaufupisha ufupisho, na kilichomfikia Mheshimiwa Waziri Bakilana mezani ilikuwa sentensi moja: Wanafunzi wetu wanafaulu kwa wagonjwa wa kuigiza na wanafeli kwa wagonjwa halisi.

Waziri alimwita Daktari Stara siku hiyo hiyo. Kando yake alikuwa ameketi Profesa Lwimba, Mwenyekiti wa Baraza la Elimu ya Tiba, mtu mwenye shahada nyingi kiasi kwamba akianza kutambulishwa kwenye mkutano, wazoefu huomba viti.

"Daktari," alisema Waziri, akimshika mkono kwa mikono yote miwili, "umelifumbua fumbo la taifa. Miaka yote tumewalaumu walimu, tukalaumu vitabu, tukalaumu hata bajeti. Kumbe tatizo ni wagonjwa!"

"Mheshimiwa, sivyo tuli—"

"Usijidharau. Madaktari wetu wanafaulu kwa mgonjwa aliyefundishwa. Wanafeli kwa mgonjwa asiyefundishwa. Sasa nani hapo hajafundishwa?"

Daktari Stara alimgeukia Profesa Lwimba kama mtu anayezama anavyougeukia ukingo. Profesa alikuwa anatikisa kichwa taratibu, juu, chini, juu, chini.

Uzinduzi ulifanyika uwanja wa taifa, kwa bendi na mahema. Waziri alipanda jukwaani akiwa na kipima moyo shingoni, ingawa kitaaluma alikuwa mtu wa misitu.

"Ndugu wananchi! Daktari wako amesoma miaka mingi kukutibu. Nakuuliza wewe mgonjwa: umesoma miaka mingapi kuumwa?"

Uwanja ukanyamaza kwa aibu.

"Unaamka tu, unaumwa! Huna maandalizi! Unafika hospitali, daktari anakuuliza tumbo, wewe unajibu mgongo! Huo ni uhujumu! Kuanzia leo, hakuna kuumwa kiholela katika nchi hii!"

Watu wakashangilia sana, hasa wale waliokuwa wazima.

Ndivyo ilivyozaliwa Kozi ya Kuumwa Ipasavyo. Wakufunzi wake walikuwa wagonjwa wa kuigiza, na Mzee Kapilima akapandishwa kuwa Mkufunzi Mkuu wa Maumivu, akapewa ofisi na mtu wa kumfungulia mlango. Aliyemaliza kozi alipata cheti. Asiye na cheti alifanyiwa mtihani pale pale mapokezi kabla ya kumwona daktari. Akifeli, alirudishwa nyumbani akajipange. Daktari Stara aliteuliwa Mshauri wa Kitaalamu, bila kuulizwa, na picha yake ikatoka gazetini akiwa amefumba macho.

Alimfuata Profesa Lwimba ofisini kwake.

"Profesa, wewe uliisoma ripoti nzima. Unajua ilisema nini."

"Niliisoma yote," alisema Profesa. "Ripoti nzuri sana. Ndiyo maana haifai kusomwa na kila mtu."

"Watu wataumia."

"Stara, dada yangu, wewe ni mtafiti. Kazi yako ni kupata majibu. Serikali ndiyo yenye kazi ya kujua swali lilikuwa nini." Kisha akamwagizia chai.

Daktari Stara aliinywa ile chai. Jambo hilo lilimsumbua baadaye kuliko yote: kwamba aliinywa, akashukuru, akarudi darasani akijiambia kuwa mpango huu nao utapita kama ilivyopita ile mingine, ule wa kuku wa kitaifa na ule wa kupaka rangi ya kijani kwenye mawe.

Haukupita. Hospitali Kuu ikawa mahali pa kustaajabisha. Mwanamke mwenye uchungu wa uzazi alikatwa alama kwa kupiga kelele kabla ya kujitambulisha. Fundi mmoja aliyeanguka kutoka juu ya paa, mfupa wa mguu umechomoza nje, alifaulu vitendo akafeli maelezo, kwa sababu alipoulizwa maumivu yanafanana na nini alijibu, "Yanafanana na mguu uliovunjika," na jibu hilo halikuwemo kwenye mwongozo wa alama.

Haikuchukua muda waigizaji wasio na kazi wakaanza kujipanga nje ya geti. Wewe ulieleza tatizo lako, mmoja wao akaingia kuumwa kwa niaba yako, akafaulu, akakutolea dawa nje. Yule fundi naye alipata wa kumwakilisha. Mwigizaji alitoka na mguu wake mzima umefungwa hogo zito la plasta hadi pajani, akatembea kwa shida kuelekea barabarani, na mwenye mguu uliovunjika akawa anamshika mkono asianguke.

Lakini takwimu zilipendeza. Wagonjwa walipungua kwa kasi, maana aliyefeli hakuhesabiwa kuwa mgonjwa. Vifo navyo vilipungua. Waliofia nje ya geti hawakuingizwa kwenye hesabu ya hospitali, kwa kuwa kisheria walikufa wakiwa wazima. Nchi jirani zilianza kutuma wajumbe kuja kujifunza, na Waziri aliwapokea kwa ngoma.

Ilikuwa asubuhi ya ujumbe mmoja wa namna hiyo ndipo Mzee Kapilima alipoamka anaumwa.

Alitakiwa kuwaonyesha wageni kidole tumbo chake maarufu saa nne. Badala yake alifika mapokezi mapema, akijikokota, mkono mmoja kiunoni nyuma. Zamu ilikuwa ya Yusta, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, msichana makini aliyeweza kuutaja mwongozo wote wa alama bila kupumua. Alisimama kwa heshima.

"Shikamoo mzee wetu! Leo umetuletea ugonjwa gani?"

"Marahaba. Leo sikuuleta, mwanangu. Umenileta wenyewe."

Yusta alicheka, akachukua kalamu. "Haya. Unaumwa nini?"

"Hapa." Mzee Kapilima aligusa mgongo, akashuka nyongani, akapapasa paja. "Na hapa. Sijui. Tangu jana. Nilikuwa nimekula mihogo kwa mjomba, sasa sijui kama ni mihogo au ni lile benchi lake…"

"Kitovu je?"

"Kitovu hakina habari."

"Hayakuanzia kitovuni yakahamia kulia?"

"Hayakuanzia popote! Yamekuja tu!"

"Umetapika?"

"Sijatapika. Naendesha. Na mkojo haunipi nafasi."

Yusta akaweka kalamu chini, akatabasamu kama mtu aliyeuona mtego kabla ya kuukanyaga. Ilijulikana kuwa wakufunzi huwapima wasahihishaji kwa kujifanya wagonjwa wabovu. "Mzee, umeigiza vizuri sana, lakini mimi hunipati. Maumivu hayana mwanzo, hayana safari, dalili zimechanganyika. Umefeli."

Wenzake wakampigia makofi. Mzee Kapilima aliwaangalia, akaenda kujilaza kwenye benchi la nje.

Yusta aliendelea na foleni. Lakini kila akiinua macho alimwona yule mzee pale pale, amejikunja upande, na hakuna hadhira yoyote mbele yake. Hilo ndilo lililomtia wasiwasi. Mwishowe aliacha meza, akakimbia hadi darasani alikokuwa Daktari Stara.

"Daktari, samahani. Mzee Kapilima amefeli."

"Amefeli nini?"

"Kuumwa."

Daktari Stara aliacha chaki ikaanguka.

Alimkuta mzee amefumba macho, uso umekuwa rangi ya jivu. Mzee alipomsikia alijaribu kuinuka, akashindwa.

"Daktari, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo, "nimesahau maneno. Miaka yote nayasema, leo yamenikimbia."

Daktari Stara aliketi chini sakafuni, hapo kwenye kifusi cha maganda ya karanga, koti jeupe na yote. "Achana na maneno, mzee wangu. Ilikuwaje?"

Ikawa ndefu. Alieleza mihogo. Alieleza ugomvi wa mjomba na jirani juu ya mpaka wa shamba. Alimtaja marehemu mkewe, ambaye angejua la kufanya. Yusta aliyesimama nyuma alifungua mdomo mara kadhaa kutaka kumrudisha kwenye mada, na kila mara Daktari Stara aliinua kidole kumnyamazisha bila hata kugeuka.

"…na leo asubuhi nimeshindwa kuvaa suruali," alisema mzee. "Nimevaa nimekaa, kama mtoto. Huu mguu wa kulia nikiunyoosha tu, mgongo unanikata."

"Rudia hapo."

"Nikiunyoosha."

Alimlaza ubavu wa kushoto, akaushika mguu wa kulia, akauvuta nyuma taratibu. Ile "aah" tamu haikutokea. Kilichotoka kilikuwa mlio mbaya, mkavu, kama bawaba ya mlango ulioachwa mvuani, na Yusta, ambaye alikuwa amemsikia Mzee Kapilima akilia kwa ufanisi mara mia kadhaa, akajikuta ameziba masikio.

"Ni kidole tumbo," alisema Daktari Stara. "Kimejificha nyuma ya utumbo. Ndiyo maana kinaongea mgongoni."

"Lakini daktari," Yusta alinong'ona, "yeye ndiye aliyetufundisha kidole tumbo."

"Ndiyo. Cha kitabuni. Hiki ni chake."

Mlangoni mwa chumba cha upasuaji walisimamishwa na msimamizi.

"Cheti cha mgonjwa?"

"Hana."

"Bila cheti haingii."

"Huyu ndiye anayetia saini vyeti vyote vya nchi hii," alisema Daktari Stara.

Msimamizi alimtazama mzee aliyelala kwenye kitanda cha magurudumu, akamtambua, akampa pole kwa moyo wote. "Hata hivyo," alisema.

Daktari Stara aliikumbuka ile chai ya Profesa, miezi yote hiyo baadaye. Akaushika ukingo wa kitanda. "Basi andika hivi," alisema. "Mgonjwa hakuingia. Nimeingia mimi, na yeye alikuwa njiani." Akasukuma kitanda. Yusta akausukuma upande wa pili, huku akilia na kuomba msamaha kwa mwongozo wa alama.

Walikikuta kidole tumbo pale pale aliposema Daktari Stara, kimevimba, cheusi kwenye ncha, karibu kupasuka. Kingengoja wageni wapate chai ya saa nne, Mzee Kapilima angekuwa takwimu nzuri.

Wageni, kwa upande wao, waliambiwa kuwa onyesho limeahirishwa kwa sababu mwigizaji ameugua. Wakauliza kwa mshangao kama si ndiyo ilikuwa kazi yake.

Tume iliundwa kabla nyuzi hazijatolewa. Mwenyekiti alikuwa Profesa Lwimba. Ilikaa siku nyingi, ikanywa maji mengi ya chupa, na hatimaye ikamwita Mzee Kapilima, aliyeingia taratibu, mkono juu ya mshono.

"Mzee," alisema Profesa, "Tume haina nia ya kukuumiza. Tunataka kujua jambo moja. Siku ile, ulikuwa unaumwa au unaigiza?"

"Nikisema nilikuwa naigiza?"

"Utakuwa umetimiza majukumu yako, na Wizara imeandaa nishani."

"Nikisema nilikuwa naumwa?"

Profesa alipekua karatasi. "Utakuwa umeumwa kinyume cha utaratibu unaoufundisha mwenyewe. Utapoteza cheo. Na Daktari Stara atakuwa amemtibu mtu asiye mgonjwa."

"Na nikisema naigiza, yeye?"

"Atakuwa amempasua mtu mzima."

"Kwa hiyo yeye hana njia."

"Ni Tume ya haki," alisema Profesa. "Imempa njia mbili."

Maisha yake yote Mzee Kapilima alikuwa ameishi kwa kuwapa watu walichokuja kukisikia. Waliokuwepo wanasema aliinyoosha shingo kama enzi za redio, na kila mtu akategemea kitu cha kuchekesha.

"Basi niliumwa," alisema. "Niliumwa vibaya, waheshimiwa. Sikujua pa kuanzia. Niliumwa mgongo nikaumwa paja, nikaendesha, nikamlilia mke wangu. Sikuwa na mpangilio wowote. Na huyu mama alikaa sakafuni akanisubiri nimalize."

Hakuna aliyecheka. Daktari Stara, aliyekuwa ameketi kiti cha mtuhumiwa, aliinamisha kichwa, akalia machozi aliyokuwa ameyazuia tangu siku ya uzinduzi.

Tume ikatoa uamuzi wake. Mzee Kapilima, kwa kuwa alifeli kuumwa, hakuwa mgonjwa. Kwa kuwa hakuwa mgonjwa, upasuaji haukufanyika. Na kovu lililo tumboni mwake ni mali yake binafsi. Daktari Stara alihamishiwa Nyamwelu, magharibi kabisa, ili utafiti wake upumzike.

Nyamwelu ilikuwa hospitali ya mabati iliyo mwisho wa barabara, na barabara yenyewe ilikuwa imeisha mapema kidogo. Magari ya Kozi ya Kuumwa Ipasavyo yalishindwa kufika, hivyo watu wa huko waliendelea kuumwa kienyeji. Waliumwa vitu viwili kwa pamoja. Walianza na katikati. Daktari Stara aliweka mabenchi ukumbini, na wanafunzi waliokuwa wakitumwa huko kama adhabu, Yusta akiwa wa kwanza kuomba aadhibiwe, walikaa na wagonjwa wakasikiliza mpaka mwisho. Mwanzoni walisinzia. Baadaye wakaanza kuona. Mzee Kapilima alikuja kusalimia, akabaki, akawa anawafundisha wanafunzi kitu ambacho alisema redio ilimfundisha akakidharau: jinsi ya kunyamaza bila kumfanya mwenzako aone haya.

Habari zikasambaa. Watu wakaanza kufunga safari kutoka mji mkuu kwenda kuumwa Nyamwelu, kimya kimya, wakiaga kuwa wanaenda msibani. Wizara ilishtuka. Palikuwa na wilaya nzima inayopona bila mwongozo. Ukaandaliwa utafiti rasmi wa kubaini chanzo cha hali hiyo na kuidhibiti, na Profesa Lwimba mwenyewe akakubali kuuongoza, jambo lililowashangaza wengi, kwa sababu alikuwa hajatoka mjini miaka mingi.

Ujumbe ulifika adhuhuri, umechafuka kwa vumbi, ukiwa na viti vyake wenyewe. Daktari Stara aliwapokea. Wakaletewa maji. Profesa akatazama ukumbi wa mabenchi, ambapo bibi mmoja alikuwa anaeleza habari za mbuzi na mwanafunzi anaitikia, "Ehe. Ehe, bibi." Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akawatuma wenzake wote wakakague paa.

Walipobaki wawili, alifunga mlango wa ofisi, akaketi, akavua miwani, akaivaa tena.

"Daktari," alisema, "kabla hatujaanza utafiti. Kuna kitu… mimi mwenyewe." Aliweka mkono kifuani, akaushusha tumboni, akautoa kabisa. "Hakikai mahali pamoja. Nimejaribu kukipanga nimeshindwa. Nimejifanyia mtihani nyumbani, kwa mwongozo ule ule nilioutunga. Nafeli kila mara."

Palikuwa na mengi ambayo Daktari Stara angeweza kuyasema hapo, na mengine alikuwa ameyafanyia mazoezi njia nzima ya kuja Nyamwelu. Hakusema hata moja. Alisogeza kiti chake karibu.

Profesa Lwimba, mwenye shahada zote zile, akaanza kueleza habari za viatu vyake, jinsi vilivyokuwa vikimtosha asubuhi, na ikifika jioni vikawa kama vya mtu mwingine. Na hakuna aliyemkatiza.